Baridi Nayo Yataka Njia

 

Leo nataka tuzungumze juu ya moto. Sisemi moto wa kiroho. Huo tumeuhubiri sana, na pengine tumeuhubiri kuliko tulivyouwasha. Nasema moto wa kuni hasa, kuni zenye magome na sisimizi, na jinsi joto lake linavyotoka chini ya nyumba likapanda mpaka vyumba vya juu, au likakosa kupanda. Mtu ataniuliza, Mchungaji, nyumba yangu haina ghorofa, habari hiyo yanihusu nini? Nivumilie kidogo, ndugu yangu.

Mimi ni mtu wa Kinangop. Baridi naijua. Nimezaliwa mahali ambapo asubuhi nyingine umande huganda juu ya majani ya viazi, na shamba zima likaungua kama lililopitiwa na moto. Kwa hiyo mwaka 2011, kanisa liliponituma kukaa miezi mitatu katika jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, mpakani na Kanada, sikuwa na wasiwasi. Nilijiambia, baridi ni baridi. Kumbe sikujua lolote. Kule mwezi wa Januari kipimajoto hushuka digrii 20 chini ya sufuri na kupita. Ukimwaga maji uani, kabla hujarudi mlangoni yamekwisha kuwa jiwe.

Nyumba za huko nyingi hujengwa juu ya shimo. Kwanza watu huchimba, wakashuka kupita kimo cha mtu, wakajenga kuta za mawe au za saruji, ndipo wakasimamisha nyumba ya mbao juu yake. Sababu moja ni kwamba ardhi yenyewe huganda. Msingi usiposhuka mpaka chini ya mgando, barafu huuinua na kuta zikapasuka. Basi wakiisha kuchimba kiasi hicho, huona heri shimo lile litumike kama chumba. Huko chini huweka mashine za maji, mitungi ya matunda, baiskeli za watoto waliokwisha kuwa watu wazima, na mara nyingi jiko la kupashia nyumba joto.

Nilikaa katika nyumba ya namna hiyo, iliyojengwa zamani sana. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa miaka 60 na kitu, mkewe amekwisha kufariki. Alikaa na mama yake mzazi, mjane wa miaka 86, na chumba cha huyo mama kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, upande wa kaskazini. Mimi nilimwita Nyanya. Alilipenda jina hilo, hata nilipomweleza kwamba kwetu neno hilo ndilo pia jina la tunda jekundu litiwalo katika mchuzi.

Zamani nyumba ile ilipashwa joto kwa mafuta. Tanuru lilichoma mafuta huko chini, likachemsha maji, na maji yakapanda katika mabomba ya chuma mpaka kila chumba. Lakini mwaka 2008 bei ya mafuta ilipanda ulimwenguni kote, kama mnavyokumbuka hata ninyi mliopanda matatu mwaka ule. Mzee yule akaona hawezi. Akanunua jiko kubwa la chuma la kuchoma kuni, akaliweka katika chumba cha chini ya ardhi. Alikuwa na sababu zake. Bomba la moshi lilikuwa huko tayari, kuni ni rahisi kuziteremsha kuliko kuzipandisha, na majivu hayatamsumbua mama. Tena, alisema, joto hupanda. Kila mtoto wa shule anajua kwamba joto hupanda.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe nililopewa mimi lilikuwa kubeba kuni. Nilizijua zote: za mepo, ule mti ambao utomvu wake huchemshwa ukawa kama asali, na za mti mweupe uambuao ganda kama karatasi. Zilikuwa kuni nzuri, zimepasuliwa na kukaa chini ya paa kiangazi kizima, maana kuni mbichi hutumia nguvu yake kukausha maji yake yenyewe, na moshi wake huacha lami ndani ya bomba, nayo lami hiyo siku moja hushika moto. Mzee alilijua jiko lake vizuri. Jioni tuliketi naye chini pale, mikono ya shati imekunjwa, kipimajoto cha ukutani kikionyesha digrii 32. Wao huhesabu kwa kipimo chao kingine, nami nawatajia kwa sentigredi. Ningaliweza kudhani niko Mombasa.

Juu ya ngazi kulikuwa na mlango, nao ulifungwa daima, kwa ajili ya vumbi na harufu ya moshi. Ukipita mlango ule ukaingia jikoni, ilikuwa digrii 17. Ukipanda ngazi ya pili mpaka chumba cha Nyanya, ilikuwa 11.

Sikuijua hiyo 11 mpaka jioni ya nne, nilipompelekea chai. Nilimkuta ameketi kitini, amevaa koti la kutokea nje na kofia ya sufu, Biblia iko magotini. Alikuwa amevaa glavu. Nilimtazama akijaribu kufungua ukurasa kwa vidole vile vinene vya sufu, ukurasa mmoja, miwili, mitano pamoja, akarudi nyuma, akajaribu tena. Alipojua kwamba namtazama, akacheka.

Nikamwambia, "Nyanya, humu mna baridi. Ngoja nimwambie mzee."

Akanishika mkono. "Usimwambie. Nikisema nasikia baridi, watasema nyumba hii hainifai tena. Na hiyo nyingine watakayonipeleka naijua. Rafiki zangu watatu wameingia mle."

Alisema habari ya makao ya wazee. Sikutaka kuhukumu makao hayo. Nilitembelea moja huko, na wauguzi wake walikuwa watu wema. Lakini mama huyu alikuwa amezaa watoto wake katika nyumba ile, na mumewe alikufa katika kitanda kile nilichokiona nyuma yake. Akaona afadhali aganda kidogo kuliko kuhamishwa. Kila asubuhi mwanawe alimwuliza, "Umelala salama, Mama?" naye akajibu, "Salama kabisa."

Basi niliteremka na siri ya mtu mkononi, pamoja na kikombe. Wachungaji wenzangu mnaonisikia mnajua mzigo huo. Kusema ni kuvunja neno nililoombwa. Kunyamaza ni kumwacha mama wa miaka 86 katika baridi ambayo yaweza kumletea kichomi. Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa ajili ya baridi peke yake.

Siku ya pili nilimwomba mzee kwamba maombi ya jioni, badala ya kuyafanyia chini penye jiko, twende tukayafanyie chumbani kwa mama yake, asipate taabu ya kushuka ngazi. Akakubali kwa furaha. Alipanda akiwa na shati lake jepesi kama alivyokuwa. Tuliomba, tukasoma, na mimi, Mungu anisamehe, nilichagua sura ndefu. Baada ya dakika kumi nilimwona anajikunyata. Baada ya ishirini alikuwa anatetemeka. Akainua macho akaziona glavu za mama yake. Hakusema neno. Tulipomaliza, aliteremka mbio, nami nikasikia mlango wa jiko ukifunguliwa, na magogo mawili yakitupwa ndani, kisha la tatu.

Hapo ndipo pa kutazama vizuri, wapendwa. Yakobo katika waraka wake anamlaumu mtu amwambiaye ndugu asiye na nguo akaote moto, kisha asimpe kitu. Maneno hayo twayajua, na kila tuyasomapo twamfikiria mtu mchoyo. Lakini huyu mzee hakuwa mchoyo. Hakutoa maneno matupu. Alitoa mgongo wake. Alipasua kuni tangu masika, akazipanga, akazibeba, akaamka saa nane za usiku kuchochea. Moto ulikuwako, na mwingi. Usiku ule chini palifika digrii 35, hata mitungi ya matunda ikawa moto ukiishika. Nilipanda kupima kule juu. Ilikuwa 12.

Ni watu wangapi kati yetu wanaotupa gogo la tatu! Mwana yuko Nairobi, anatuma fedha kila mwezi, na mama yake nyumbani hana wa kumchotea maji. Anaambiwa, Mama hana raha, naye huongeza fedha. Moto ni uleule, chini ni palepale.

Jumamosi mzee alimwita fundi mmoja wa kanisa lao, mtu aliyekwisha kustaafu baada ya kufanya kazi ya kupasha nyumba joto maisha yake yote. Nilidhani atakuja na mashine. Alikuja na kijiti cha ubani mfukoni.

Aliwasha kijiti, akaufungua ule mlango wa ngazi wazi kabisa, akakishika juu, karibu na kizingiti. Moshi wake ulikimbia kutoka chini kuja jikoni, kama mtu afuatwaye. Kisha akainama, akakishika chini kabisa, karibu na sakafu. Moshi ukageuka. Ukateremka ngazi kuelekea penye jiko. Katika mlango mmoja mlikuwa na mito miwili, wa juu ukija, wa chini ukienda. Mahali pa katikati, moshi ulisimama haujui uende wapi. Kisha akaufunga mlango, na yote yakakoma.

Akatueleza. Watu husema joto hupanda, akasema, lakini hawaulizi kwa nini. Hewa ya moto ni nyepesi, lakini haipandi kwa kupenda kwake. Husukumwa juu na hewa baridi, ambayo ni nzito, ikishuka na kuingia chini yake. Baridi isipopata njia ya kushuka, joto nalo hukaa lilipo. Chumba cha juu kimejaa hewa tayari; huwezi kuongeza hewa nyingine mpaka ile iliyomo imepewa pa kutokea. Ni kama chupa iliyojaa. Ninyi mnatupa kuni, akasema, na baridi imeketi huko juu kama mgeni asiyeonyeshwa mlango.

Tena hewa ni mchukuzi dhaifu. Mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 tu, na joto iwezalo kubeba ni kidogo. Tuseme unataka kupeleka juu joto la hita tatu za umeme za wati 1000 kila moja, na hewa ipandayo inazidi ile ishukayo kwa digrii 10. Lazima zipite mita za ujazo kama 900 kila saa. Mimi nilizipigia hesabu baadaye kwa kalamu. Ni hewa yote ya kanisa lenye urefu wa mita 15, upana wa mita 12 na kimo cha mita 5, ipite kila saa. Na 900 zikipanda, 900 nyingine lazima zishuke. Usitazamie kuzipitisha katika tundu la ukubwa wa sahani.

Wajenzi wa zamani waliyajua haya, fundi akasema. Kabla ya umeme kufika katika nyumba hizo, waliweka tanuru la makaa au kuni chini ya ardhi, na mabomba manene ya bati yakapanda kutoka kichwani mwake kama mikono ya pweza kwenda vyumbani. Hapakuwa na feni. Uzito wa hewa peke yake ulifanya kazi yote. Na katika sakafu ya juu, mahali penye baridi kuliko pote, waliweka wavu mkubwa wa chuma, baridi ya nyumba nzima ishukie hapo irudi kwenye tanuru.

Mzee alikuwa na shauri lake. Alitaka kutoboa sakafu moja kwa moja juu ya jiko na kuweka feni kubwa ya kuvuta joto. Fundi alikataa kwa ukali uliotushangaza. Kwanza, tundu hilo ni barabara ya moto. Nyumba ikishika moto chini usiku, sakafu nzima huwapa watu wa juu muda wa kutoroka. Tundu huwanyang'anya muda huo. Pili, nyumba yenyewe wakati wa baridi kali ni kama bomba la moshi. Joto hupenya na kutoka juu darini, na chini hewa huvutwa kuingia. Ukiongeza feni yenye nguvu ya kunyonya hewa penye jiko, waweza kulishinda bomba, na moshi ukarudi ndani badala ya kutoka nje. Na pamoja na moshi huja hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Mtu hulala, wala haamki.

Hapo nilisimamisha mazungumzo nikawaeleza habari za kwetu, nami nawakumbusha ninyi pia, maana miezi ya Juni, Julai na Agosti hurudi kila mwaka. Jiko la makaa huwashwa uani, likaingizwa chumbani watoto wapate joto, mlango ukafungwa na dirisha likazibwa kwa gunia. Makaa hayatoi moshi, kwa hiyo watu hudhani hayana hatari. Nimezika watu wa nyumba moja kwa sababu hiyo, baba, mama na mtoto mchanga. Nawasihi, jiko la makaa lisilale chumbani na watu. Bora mablanketi, bora hata kulala watu wanne kitanda kimoja.

Turudi Vermont. Fundi alisimama katikati ya ngazi, akasema kwa sauti kubwa, kama waalimu wasemavyo, "Basi swali ni moja tu. Katika nyumba hii baridi ishukie wapi?"

Mzee akatazama sakafu. Mimi nikatazama sakafu. Ndipo sauti ikatoka juu kabisa, nyuma ya mlango wa chumba cha Nyanya.

"Chini ya zulia la ukumbini," ikasema.

Tukalivuta zulia. Palikuwa na ubao umepigiliwa misumari. Fundi akaung'oa, na chini yake mlikuwa na wavu wa chuma uliofumwa maua, mkubwa kiasi cha mtoto kulala juu yake. Ulikuwa wa tanuru la zamani. Mabomba ya maji moto yalipoletwa, tanuru lile likaondolewa, na wavu ukafunikwa. Mzee wetu alikuwa mtoto wa miaka miwili wakati ule, hakukumbuka lolote. Chini, katika dari ya chumba cha jiko, palikuwa pamezibwa kwa ubao uliopakwa rangi, naye aliketi chini ya ubao huo kila jioni kwa miaka mitatu.

Nyanya alikuwa ameshuka hatua chache, ameshika ukuta, na koti lake na kofia yake. Mwanawe akamwuliza, "Mama, mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza," akajibu. Kisha akanyamaza, nami nilidhani amemaliza. Akaongeza, "Tena kama ningalisema, mngalijua kwamba nasikia baridi."

Mzee akaketi kwenye ngazi, amemwelekezea mgongo. Akasema, "Mimi nilidhani nikishindwa kulipia mafuta tutauza nyumba, nawe utahama. Kuni hizi zote nilipasua usihame."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mmoja alikuwa akimlinda mwenziwe asijue, na walikuwa wakitaka jambo moja. Fundi alijifanya anatafuta msumari. Mimi nami nikamsaidia kuutafuta.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Katika makanisa yetu tumewafundisha wazee wetu kusema "salama" hata iweje, na tunawasifu kwa hayo. Twasema, huyu mama ni mvumilivu, halalamiki kamwe. Lakini Mtume Paulo, naye ni mzee kifungoni, hakuona aibu kumwandikia Timotheo ampelekee vazi lake zito lililobaki Troa, tena afike mapema kabla majira ya baridi hayajaingia. Sikumbuki kwamba kuna mtu aliyepata kumwambia Paulo ni mlalamikaji.

Kazi yenyewe ilichukua siku nane, na nitaieleza kwa ufupi, maana nimepata barua kutoka kwa wasikilizaji ambao watoto wao wanaishi huko, na pengine itawafaa. Kwanza fundi hakugusa jiko wala wavu. Alipanda darini, akaziba nyufa kuzunguka mlango wa dari, akaweka mpira pembeni mwake, akisema hakuna faida kulipandisha joto kama linatokea juu. Pili walizifunika zile kuta za saruji kule chini, maana zilikuwa zikilinyonya joto na kulipeleka ardhini. Waligongomea vipande vinene vya povu gumu, kisha wakavifunika kwa ubao wa jasi, kwa sababu povu lile likiachwa wazi hushika moto upesi. Kuta zilipokwisha, mzee alisema jiko limekuwa kama jipya.

Kisha wavu. Fundi alikwenda kwanza kuwauliza watu wa zimamoto wa mji ule, ndipo akauzibua, akaweka ndani yake kifuniko cha chuma kilichozuiwa na kipande kidogo cha madini chenye kuyeyuka joto likifika digrii 74. Moto ukitokea, kipande huyeyuka na kifuniko hujifunga chenyewe. Mlango wa ngazi uliachwa wazi tangu siku hiyo. Vumbi likafutwa kwa kitambaa, kama vumbi lifutwavyo. Mlango wa chumba cha Nyanya ulikatwa chini sentimita tatu, na juu yake wakatoboa dirisha dogo, joto liingie juu na baridi itoke chini. Kengele za kuonya moshi na hewa ile ya sumu zikawekwa kila ghorofa.

Feni ilikuwa moja tu, ndogo kama ya mezani. Na hapa ndipo fundi alipotuchekesha, maana aliiweka ukumbini, sakafuni, ikipuliza hewa baridi kuelekea kwenye wavu, ishuke. Mzee akasema ameigeuza vibaya. Fundi akasema, hewa baridi ni nzito, feni ndogo huisukuma kwa urahisi na huipeleka mbali. Iondoe baridi, na joto litajiletea lenyewe. Akawasha ubani wake tena mlangoni mwa ngazi. Moshi ulipita juu ya vichwa vyetu kwa haraka mara mbili kuliko siku ile ya kwanza.

Siku ya pili asubuhi nilipima. Chini palikuwa na digrii 25. Mzee alivaa sweta, kwa mara ya kwanza tangu nifike, akaketi penye jiko lake akinung'unika kidogo. Jikoni 20. Chumbani kwa Nyanya 17. Si Mombasa, lakini glavu zilikuwa juu ya meza. Na jiko halikuongezewa hata gogo moja. Kwa kweli tulitumia kuni chache kuliko juma lililotangulia.

Kipimajoto nilichokuwa nikitumia kilikuwa cha mzee. Nilipotaka kumrudishia, akasema kikae kule juu, kitundikwe ukutani karibu na kiti cha mama. Wakaagana hivi: kila jioni kabla ya kuchochea moto wa usiku, atasimama kwenye wavu wa ukumbini na kuuliza, naye mama atajibu hesabu kama ilivyo, si kama apendavyo yeye iwe. Nilikaa nao juma saba zaidi, na kila jioni nilisikia sauti ile.

"Ngapi, Mama?"

"Sitini na tatu," alikuwa akijibu, kwa kipimo chao, ndiyo 17 yetu. Jioni nyingine sitini na nne.

Mwisho wa Februari ilivuma dhoruba ya theluji, upepo ukatoka kaskazini moja kwa moja dhidi ya dirisha lake. Tulikuwa tumekwisha kula. Mzee alikwenda akasimama penye wavu, mikono mfukoni.

"Ngapi, Mama?"

Kukawa kimya kidogo. Nilisikia kiti kikisogezwa.

"Hamsini na nane," akasema Nyanya. "Na miguu yangu imeganda."

"Nakuja," akasema mzee, akapanda ngazi.